Mgongo wa Saa ya Cleophus

Ndani ya basi la barabara ya Madison, New York, mama mmoja mzee, aliyejipaka rangi ya mdomo kwa uangalifu, alimwonyesha bwana aliyeketi kando yake picha ya saa ya mkono gazetini. Ilikuwa ya marehemu Cleophus Tate, mpiga tarumbeta, na mchana huo ilikuwa inapigwa mnada.

"Nilimnunulia mimi, kabla hajapata jina," alisema. "Nikachongesha mgongoni: 'Popote utakapopiga, rudi kwangu.' Na jina langu, Verlene."

"Mama, New York hii kila mwanamke aliwahi kuwa wa Cleophus!" bwana alisema. Watu wakacheka. Mimi, niliyeketi nyuma yao, nikatazama viatu vyangu.

"Siitaki saa, mwanangu. Nataka waigeuze tu, nione kama aliyaacha maneno yangu. Mimi aliniacha, saa hakuivua. Maneno hayo yalikuwa yanamgusa mkono kila siku."

"Na kama aliyasugua yakafutika?"

Mama alilikunja gazeti. Basi likasimama mbele ya nyumba ya mnada, mlango ukafunguka.

"Si ndiyo hapa, mama?" bwana aliuliza, sasa kwa upole.

"Ngoja kwanza nifunge koti," alisema. Lilikuwa limefungwa hadi shingoni.