Kiwanda cha Saruji Kilichoziba Njia

Ndugu waombolezaji, mimi ni shemeji wa marehemu, na haya nitakayosoma sikuhadithiwa na mtu, niliyaona kwa macho yangu haya mawili, hata kuzaliwa kwake ningekuwepo kama mama yangu asingechelewa kunizaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma mpaka darasa la saba, sawasawa na mimi, ila yeye alifaulu. Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa stesheni kupanga mabehewa, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita bila treni hata moja kukwama, na behewa la tani arobaini alikuwa analisukuma kwa bega huku anapiga miayo. Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa dada yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, hawa hapa mbele wanaonikonyeza nifupishe, na sifupishi.

Alipostaafu mwaka 2006 aliteka chumba cha kushonea cha dada, akajenga reli ya mezani, kila behewa ukubwa wa kiberiti, akabandika viwanda kumi na kimoja vya maboksi, vimebanana kama meno, kila kimoja na kinjia cha pembeni kinachoingia behewa moja tu, wakati treni yake ina sita, kwa hiyo ikisimama kupakua kwenye kinu cha unga, mkia unakiziba kiwanda cha mbao, na kiwanda cha saruji, kipenzi chake, kikakaa konani kinaziba ulimwengu mzima. Dada akimwambia, "Baba watoto, hata gauni ukilibana sana linachanika," yeye anajibu, "Mama watoto, wewe shona, reli niachie mimi." Miaka kumi na saba treni ile haikumaliza mzunguko, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Novemba 2023 moyo ulianza kumsumbua, mwaka uliofuata akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani tarehe 20 Februari, akajikokota mpaka mezani, akang'oa viwanda saba kwa mkono wake mwenyewe, cha saruji kikiwa cha kwanza, akaacha vinne, kati ya kimoja na kingine urefu wa treni nzima, akawasha. Treni ikaingia, ikapakua, ikatoka, ikarudi stesheni, naye akashusha pumzi iliyopeperusha mapazia ya mtaa mzima, akasema, "Imefika." Alifariki tarehe 3 Machi asubuhi, usingizini, uso umekunjuka, ndiyo maana kilio chetu leo ni chepesi, mzigo wake aliutua mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa stesheni, na majirani mliovumilia ile honi ya treni yake ya mezani.

Sasa kabla sijakaa, dada ananitazama, na jicho lake nalijua. Treni kufika ni kweli tupu, ila pale pa kung'oa viwanda nimetunga, aliyeving'oa ni dada, marehemu akiwa hospitali, akapima nafasi kwa futi yake ya kushonea, na marehemu alipokuta vimeng'olewa alinivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, siku ya kunisomea wasifu, sema ni mimi."

Nimesema, shemeji. Pumzika, njia nyeupe.