Tunaomba Utepe Usubiri

"Mgeni rasmi, tunakusalimu kwa heshima, na tunashukuru kwamba umefika."

Mama Kioo alisoma risala taratibu kama mtu anayetafuna mfupa. Nyuma ya mlango wenye utepe, pampu ya mtambo wa kupaka vioo utando ilikuwa ikinguruma. Mgeni akikata utepe tu, fundi umeme angezima swichi kuu ya maabara, ili chumba kigeuzwe ukumbi wa mikutano. Na ndani ya mtambo kulikuwa na kioo cha dirisha la binti wa Mama Kioo, hakijaiva.

HISTORIA YETU

"Sisi mafundi tulianza na mtambo mmoja wa mtumba. Tunaufyonza hewa, kisha tunaing'oa metali ya tungsteni chembe kwa chembe kutoka kwenye bamba lake, ishikane na oksijeni na kutua juu ya kioo kama utando."

Mshereheshaji akamnong'oneza, "Dada, fupisha basi. Mheshimiwa anaungua na jua."

Mheshimiwa alikuwa chini ya turubai, na kofia juu. Mama Kioo akageuza ukurasa bila haraka.

MAFANIKIO

"Kioo chetu ukikipa umeme kidogo kinakuwa cha buluu, ukiugeuza, kinang'aa tena. Hata kikiwa angavu, kinameza sehemu kubwa ya ile miale isiyoonekana inayounguza ngozi. Kinabadilika upesi kwa sababu utando wake ni vijiti vidogo mno, vilivyoachiana nafasi."

Wageni walipiga makofi ya kutimiza wajibu. Mafundi wenzake walipiga mpaka viganja vikawasha. Ndivyo walivyopatana asubuhi: kuvuta muda kwa kila njia.

CHANGAMOTO

"Bamba letu la tungsteni limekwisha, lililobaki linatosha kioo kimoja tu, hicho kilichomo mtamboni. Umeme ukikatwa mapema, mafuta ya pampu yanarudi ndani na kuuchafua utando. Kioo hicho hakiokoleki tena. Mtoto wa mwenzetu mmoja ana ngozi isiyostahimili jua. Utando wa dirisha lake umebanduka, dirisha limezibwa kwa mbao, naye mchana kutwa anakaa na taa."

Huyo mwenzetu mmoja alikuwa Mama Kioo mwenyewe. Asubuhi hiyo binti alikuwa amemuuliza kutoka kitandani, "Mama, nje kuna mawingu?"

"Yapo, mwanangu."

"Nitayaona lini?"

"Nakuletea dirisha leo."

Alijuta kusema leo. Afadhali angesema hivi karibuni.

MAOMBI

"Hatuombi mtambo mwingine. Hatuombi kubakizwa kazini. Tunaomba utepe usubiri hadi alasiri, kioo kilichomo kimalizike."

Mgeni rasmi alifuta jasho, akasimama kabla Mama Kioo hajamaliza kusoma. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na hilo lilimuuma Mama Kioo zaidi.

"Nimeguswa sana," alisema. "Ombi lenu nimelipokea, na litafanyiwa kazi."

Akapewa mkasi. Vigelegele vikapigwa, utepe ukaanguka. Fundi umeme akamtazama Mama Kioo, akainamisha kichwa, akaingia ndani kama alivyoagizwa. Pampu ikakohoa, ikanyamaza.

Mama Kioo alikuwa amebakiza mistari miwili. Mafundi wenzake wakasogea, wakasimama naye. Akaisoma, na kwa kuwa ngurumo haikuwepo tena, alisikika vizuri hadi viti vya nyuma.

"Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwa wanao, uwakute wameketi dirishani.

Ni sisi, Mafundi wa Tando Nyembamba."