Lorine Hakufukuzwa

Mgeni rasmi, Mchungaji Debra Nanyama, mratibu wa huduma za Kikristo vyuoni katika kanda yetu ya ziwa. Mlezi wa Ushirika wetu wa Kikristo, Daktari Ogola. Mwenyekiti, ndugu Frankline. Wanakwaya, wahudumu, na ninyi wanafunzi wapya ambao sherehe hii ni yenu: amani ya Bwana iwe nanyi.

KARIBU KWETU

Sisi ni wanafunzi wa Chuo cha Nyanam tuliolelewa katika makanisa ya Roho, yale ambayo watu wa Kisumu huyajua kwa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, na kwa bendera na ngoma barabarani siku ya ibada. Tunakukaribisha, Mchungaji. Tumesikia umesafiri tangu alfajiri. Kuna samaki jikoni, na tunaomba usituage kabla hujaonja.

Mwaka huu Ushirika umechagua neno lisemalo "Kila Mtu Yuko Nyumbani". Mwenyekiti alituomba tueleze sisi tumeionaje nyumba hii. Tulimuuliza, "Tueleze yote?" Akasema, "Yote. Hata yangu." Ndiyo maana tunasoma bila kuogopa.

HISTORIA YETU

Wengi wetu tulifika chuoni bila kumjua mtu. Ushirika ndio uliotupokea langoni, ukatubebea masanduku, ukatuonyesha hosteli na mahali pa kuchota maji. Hatusahau hilo. Lakini kikundi chetu hakikuzaliwa siku ile. Kilizaliwa baada ya mwenzetu Lorine kuondoka, tulipogundua kwamba tangu mwaka wa kwanza tulikuwa tumekaa viti vya jirani, kila mmoja akilificha kanisa la mama yake, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Wenzetu wawili wanaimba katika kwaya. Mmoja ni mhudumu wa mlangoni, na wageni humsifu kwa tabasamu lake. Tumejifunza nyimbo zote na kusali kama wengine wanavyosali. Mtu akituangalia hawezi kujua tulikotoka. Kwa muda mrefu sisi wenyewe tulidhani hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto zetu si nyingi. Ni moja, na ina jina la mtu.

Lorine ni mtoto wa mtaa wa Obunga, hapa Kisumu. Mama yake, Mama Seline, alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, na kwa kazi hiyo alimsomesha. Kanisani kwao Lorine alipiga ngoma tangu utotoni. Alipokuja chuoni alikuja na kanzu yake aliyoshonewa na mama yake, msalaba ukiwa umetiwa kwa mkono. Hakuificha kama sisi. Jumapili ya kwanza aliivaa, akaketi mbele, akaimba kwa nguvu zake zote hata mpiga gitaa akageuka kumtazama.

Wana Ushirika walimpenda. Tunasema hivi kwa sababu ni kweli. Walimwalika chai, wakamwita Lori, wakamtaka kwenye kwaya. Ila ndugu Frankline alimwita kando. Mmoja wetu alikuwa akipanga viti, akasikia.

"Lori, tunakupenda sana. Lakini hiyo kanzu inaleta maswali. Watu wanauliza kama umeokoka kweli."

"Nimeokoka nayo," Lorine akasema.

"Najua. Lakini kwaya iko mbele za watu. Tuachie tu, tutakuwekea. Utavaa fulana kama wengine."

Alifikiri wiki nzima. Hatimaye aliikunja vizuri, akampa. Alivaa fulana ya bluu ya kwaya, na sisi tuliokuwa tunajificha tukasema moyoni: afadhali, sasa atapumzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba hayuko peke yake.

Muhula uliofuata kulikuwa na ibada ya kufunguliwa. Watu walileta vitu walivyotaka kuachana navyo: hirizi, bangili, sigara, picha za wapenzi wa zamani. Moto uliwashwa nyuma ya ukumbi. Mtu fulani alikwenda stoo, akaiona ile kanzu, akaichukua pamoja na vingine. Lorine alikuwa mbele akiimba. Hakujua.

Mwezi wa tatu Mama Seline aliugua kifua, akalazwa, akafariki. Lorine alimwendea mwenyekiti asubuhi akiwa ameshika begi.

"Nipe kanzu yangu. Tunamzika mama Jumamosi kijijini Seme."

Ndugu Frankline alishika kichwa. "Dada, ile... ile ilichomwa. Nilijua baadaye. Nilishindwa kukwambia."

Lorine hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mlichoma na msalaba wake?" Kisha akatoka.

Mchungaji, katika makanisa yetu mfu husindikizwa na watu waliovaa mavazi meupe. Hatumwombolezei mtu wetu kwa rangi nyingine. Siku ya mazishi boma zima lilikuwa jeupe, na Lorine, mtoto wa marehemu, alikuwa katika fulana ya bluu, kwa sababu aliufikiria Ushirika pia, akijua wangekuja. Nyanya yake alimshika bega.

"Nyathina, mwanangu, nguo yako iko wapi?"

"Imebaki shuleni, dana, nyanya yangu."

Hakutaka kumchafulia mtu yeyote jina mbele ya wazee.

Basi la chuo lilifika. Kwaya ikashuka, ikaimba nyimbo mbili nzuri, na watu wa kwao wakashangilia na kuwashukuru. Kisha ngoma zikaanza na bendera ikainuliwa. Hapo viongozi wetu walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Twendeni, hii si yetu." Wakarudi kwenye basi, wakafunga madirisha, wakakaa humo hadi kaburi lilipofunikwa. Dada mmoja wa kwaya alifungua dirisha lake kidogo, akampungia Lorine mkono: "Lori, njoo huku!" Hakwenda. Wala hakuingia katika msafara wa mama yake. Alisimama katikati ya uwanja na fulana yake, jua likimpiga.

Kulikuwa na mgeni mwingine siku ile. Rehma, aliyekuwa akiishi na Lorine chumba kimoja chuoni, ni Mwislamu wa mjini Kisumu. Alikuja mapema, akakata vitunguu na akina mama tangu asubuhi. Msafara ulipoanza aliogopa kukosea. Akamwendea nyanya, akauliza, "Mama, mimi nisimame wapi?"

Nyanya akamjibu, "Simama na mwenzako."

Basi Rehma alikwenda katikati ya uwanja, akasimama na Lorine. Hao wawili ndio waliobaki pale hadi mwisho. Sisi tunajua kwa sababu tulikuwa ndani ya basi.

Lorine alirudi chuoni. Aliingia darasani, akala, akalala. Kwenye ibada hakuja tena. Ushirika ulituma watu chumbani kwake, wakakemea roho ya huzuni, wakaondoka. Siku moja Rehma alirudi kutoka darasani akakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo.

Tulipokwenda Obunga kumtafuta, tulimkuta kwenye karai la mama yake, akigeuza samaki. Alifurahi kutuona. Tulimwambia sisi nasi ni watu wa Roho. Alitutazama mmoja mmoja, akacheka kicheko ambacho hatukukipenda, akasema, "Nyinyi wote? Na mlikuwa wapi?"

Tukaketi kwenye benchi lake, karibu na moto.

Tulipomuuliza kama anasali kwao sasa, alitikisa kichwa. "Nikiwa kwetu nasikia mnaniangalia. Nikiwa kwenu, namsikia mama. Naimbia wapi?" Na tulipomwambia tutaandika risala, alituonya: "Msiseme nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Walinikaribisha vizuri sana. Ila aliyekaribishwa si mimi."

MAOMBI YETU

Hatuombi mtu aadhibiwe. Ndugu Frankline amekwenda Seme kuomba radhi kwa nyanya, na alipokewa kwa uji. Lorine mwenyewe alimsikiliza, akamwambia amesamehe, lakini hakurudi. Tunajua kuna mambo ambayo msamaha hauyarudishi.

Tunaomba ibada ya kuchoma vitu ikome hapa chuoni.

Tunaomba, Mchungaji, kabla hujaondoka Kisumu, ufike Obunga. Usiende na mahubiri, wala usimwombe arudi. Mwagize samaki, kaa kwenye benchi, mwache akueleze habari za mama yake mpaka achoke. Hakuna kiongozi wetu aliyewahi kumuuliza Mama Seline alikuwa mtu wa namna gani.

Ombi la mwisho limeingia leo asubuhi. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, waliotoka makanisa ya Roho kama sisi, walimfuata msomaji wa risala hii nje ya ukumbi. Wamesikia kwamba baadaye leo kila mwanafunzi mpya atasimama, ataje jina lake na kanisa alilotoka. Mmoja aliuliza, "Dada, tukisema ukweli itakuwaje?"

Tuliwaambia wangoje kwanza wamsikie mgeni rasmi. Wako humu ndani, Mchungaji, wamekaa pamoja, na wanakutazama.

Mungu aliyekufikisha salama akupe la kuwaambia, na akuongoze katika njia yako ya kurudi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Makanisa ya Roho, Chuo cha Nyanam, Kisumu.
Imesomwa kwa niaba yao na Celestine, katibu.