Kadi Haikuuzwa: Wasifu wa Bi Leonida Bitegera

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi Leonida Bitegera atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kustaafu, akiwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi kumi na moja. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, ila uchangamfu wenyewe hautafika mbali, na wa kulaumiwa kwa hilo ni mimi.

Bi Leonida ni mzaliwa wa Kidahwe. Aliajiriwa Agosti 1993 kuwa mpiga chapa, na wazee wa hapa wanasema taipu yake ilisikika mpaka wodi ya wazazi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwa treni mwaka 2001, ilikaa kwenye boksi wiki mbili kwa sababu kila mtu aliiogopa. Yeye ndiye aliyelifungua lile boksi, akakaa na kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kamusi mkono mwingine, na Ijumaa ile orodha ya dawa ikatoka imechapwa. Hospitali ikaona aibu, ikampeleka kozi.

Tangu hapo mambo yote ya mashine yakawa yake. Kila asubuhi, kabla ya kuziwasha, alizisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na ole wako ucheke. Masika yakianza na radi zake, alitoka nyumbani kwake Katubuka na mwavuli, hata Jumapili, kuja kuchomoa nyaya zote ukutani. Daktari mmoja bingwa, jina lake nalihifadhi, aliwahi kumlalamikia kwamba kompyuta yake imekufa. Bi Leonida aliichomeka kwenye umeme, akamwandikia kwenye fomu ya matengenezo: "Imefufuka." Fomu hiyo ipo mpaka leo.

Mwaka 2015 akawa kaimu mkuu wa Kitengo cha Tehama, na kila mtu alijua kuthibitishwa kwake ni suala la muda tu.

Sasa nifike Februari 2018, ambako wasifu wa kawaida ungepita kimyakimya.

Mimi nilikuwa nimetoka Same, nina miezi minne kazini, bado niko kwenye majaribio. Kompyuta ya eksirei iliingiwa na virusi wakati Bi Leonida yuko Kasulu kwenye msiba wa dada yake. Nikaambiwa niipige window upya, yaani niifute na kuipakia programu endeshi tena. Nikaanza, ikagoma katikati. Mara ya pili ikagoma, na ya tatu pia. Nikaishuku kadi ya nyongeza, kile kibao cha kijani cha ukubwa wa kiganja kilichochomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kupokea picha kutoka mashine ya eksirei. Badala ya kuichomoa, niliingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguka kabla ya window kuwaka, nikaizima sloti yake, ile nafasi inapochomekwa. Window ikapita bila tatizo. Nilikusudia kuiwasha tena sloti, lakini Erasto wa eksirei akaniita tukale ugali na migebuka, nami nikaenda. Niliporudi nilikuwa nimeshasahau.

Kesho yake picha hazikuja. Kompyuta ilisema hakuna kadi. Bi Leonida alirudi kutoka msibani, akafungua mfuniko kabla hata hajaketi. Aliichomoa kadi, akasugua vijino vyake vya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, akapuliza vumbi, akairudisha. Haikuonekana. Akatafuta draiva, ile programu ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta, kwenye sidii za kabatini, akaipakia. Haikuonekana. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Rodgers, kule kwenye mipangilio ya ndani hukugusa kitu?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Siku hiyo sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimesahau kweli. Lakini nywila ya kule ndani tuliijua watu wawili tu, na yeye aliniamini. Kwa sababu aliniamini, hakwenda kutazama. Angetazama, yote yangeisha kwa dakika mbili.

Siku ya tatu alifanya kile ambacho fundi yeyote makini angefanya: aliifunga kadi kwenye khanga, akaipeleka sokoni Mwanga, hapa hapa mjini, kwa fundi Januari, ambaye alikuwa na kompyuta ya zamani yenye sloti kama yetu. Kule ikaonekana mara moja. Akarudi anatabasamu, akatuambia kadi ni nzima na ubovu uko kwenye mashine yetu. Wengine tulisikia hivyo. Waliomwona Mwanga na kadi ya hospitali mkononi walisikia kingine. Kufika kesho yake asubuhi, kantini nzima ilikuwa na habari kwamba Leonida ameuza kadi halisi sokoni na kuturudishia mbovu.

Siku hiyohiyo dada mmoja wa Ujiji, Dainess, alikuwa na mama yake aliyevunjika nyonga, amelala kwenye benchi tangu jana akisubiri picha. Alimsimamisha Bi Leonida kwenye korido mbele ya watu.

"Mama, kadi ya watu umeipeleka wapi?"

"Imo humo ndani, mwanangu. Haionekani tu."

Watu walicheka. Nami nilikuwepo.

Siku ya tano kamati ikakaa. Kadi ilikuwa mezani, inashikika, ina namba yake ileile iliyo kwenye daftari la Bi Leonida la tangu siku iliponunuliwa. Mjumbe mmoja akauliza kama daftari haliwezi kuandikwa upya. Mwingine akasema kompyuta haina sababu ya kudanganya, na ikisema kadi haipo basi haipo. Watu wenye shahada walikubaliana na hoja hiyo. Bi Leonida akazuiwa kugusa mashine yoyote mpaka uchunguzi uishe, na aliyekabidhiwa kuirekebisha ni mimi.

Siku ya nane nilikuwa nimeirudisha kadi ndani, nikisubiri kompyuta iwake, ndipo nikakumbuka. Niliingia, nikaona sloti imezimwa, nikaiwasha. Kadi ikaonekana, na saa hiyohiyo Erasto akapata picha ya kwanza. Wakaja kunipongeza, wakaniuliza nimefanyaje. Nikasema nimepata draiva mtandaoni. Huo ndio uongo wangu, nao sikuusahau hata siku moja.

Nilidhani kadi ikionekana Bi Leonida atasafishika. Kamati ilielewa kinyume: kadi imeonekana baada ya yeye kuondolewa, kwa hiyo aliogopa akairudisha ile halisi. Alipewa barua ya onyo kali kwa kushindwa kulinda mali ya hospitali. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapewa na cheti cha mfanyakazi bora. Mwaka uliofuata nikapewa kitengo, naye akawa chini yangu. Kwa miaka sita alinisomea taarifa zangu, akanisahihishia makosa, akaniita mkuu mbele ya wageni. Miaka yote hiyo nilipishana naye mlangoni kila asubuhi na nikanyamaza. Alinifaa zaidi nikiwa nimenyamaza. Huo ndio ukweli, na unanichefua.

Tarehe 2 Juni nimemwandikia mkurugenzi barua, nikieleza haya yote na kuomba onyo lile lifutwe. Nimejibiwa kwamba barua imepokelewa na itajadiliwa kwenye kikao cha Agosti. Agosti Bi Leonida atakuwa shambani kwake, na onyo litakuwa bado kwenye jalada lake.

Kwa desturi yetu mstaafu huonyeshwa wasifu wake ahakiki tarehe. Nilimpelekea rasimu Jumatano. Aliisoma amesimama, miwani puani, kalamu mkononi. Nilipokuwa nimeandika kwamba aliajiriwa 1994 aliweka 1993. Alipofika kwenye sloti alirudia kusoma, akageuza ukurasa. Mwisho akanirudishia.

"Nilijua siku ileile niliporuhusiwa kuigusa kompyuta tena; draiva ilikuwa ileile yangu ya kabatini," alisema. "Ungeyaandika haya mwaka ule ningekushukuru. Sasa nakusahihishia tarehe tu."

Nikamuuliza kama anataka niyaondoe. Akasema, "Yaache. Dainess naye anasoma jarida."

Bi Leonida, kwa niaba ya watumishi wote, asante kwa kila waya uliouchomoa kwenye mvua na kila mmoja wetu uliyemfundisha. Tunakuombea afya, mvua za kutosha Kidahwe na usingizi mzuri. Hukuuza kitu. Hukupoteza kitu. Jina lako lilichafuliwa na aliyesaini hapa chini.

Rodgers Mshana
Mkuu wa Kitengo cha Tehama