Kengele Nane za Mzee Halfani

Tarehe 30 Juni 1957, Mzee Halfani Bushiri, mwendesha winchi wa mgodi wetu hapa Chunya, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Barua ya ofisi inasema anapumzika kwa hiari yake. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alianza mwaka 1933 kwa kubeba mawe, akapandishwa hadi winchi. Siku hizo kila zamu iligonga kengele kivyake, na ndoo ya kubebea watu na mawe ilipanda mtu akitaka ishuke. Halfani akapanga ishara za wote: moja, simama; mbili, shusha; tatu, pandisha. Alizifanyia mazoezi kwa sufuria za mkewe, Bi Siwema, hadi akafukuzwa jikoni kwa mwiko. Mgeni aliyeshuka shimoni asubuhi, saa sita mchana alikuwa amezijua.

Kasoro yake hakuificha: zilikuwa za polepole. Kengele haikusema ndoo inatakiwa handaki gani, kwa hiyo aliishusha taratibu hadi aliyeiona agonge moja. Mwaka 1955 Meneja akataka kasi, akachapisha kadi ya ishara kumi na nne. Nane: pandisha mzigo haraka. Tisa: ngoja, mtu anaingia.

Mzee alikwenda ofisini, kofia mkononi. Aliomba kila handaki, yote matatu, lipewe kengele yenye mlio wake, ili yeye ajue kwa sikio wanakomwita, na walio chini wabaki na zile tatu tu.

“Bwana, ugumu niachie mimi niliye kwenye mwanga,” alisema. “Yule kule chini ana giza, ana vumbi, tena ana haraka.”

Akajibiwa kwamba kadi zimeshachapwa.

Ndoo ziliongezeka kweli, tukapigiwa makofi. Kisha, Machi mwaka jana, Yohane wa handaki la chini alivuta kamba ya kengele huku mguu mmoja tu ukiwa ndani ya ndoo. Winchi ikapandisha kwa kasi. Tulimzika kesho yake.

Uchunguzi ulisema Yohane aligonga tisa na Mzee akasikia nane, maana kadi haiwezi kukosea. Akanyang'anywa winchi, akapewa ufagio wa stoo. Mwezi uliofuata zikatundikwa kengele za milio mitatu, zile zile alizoziomba. Ofisi inaziita kengele za Meneja.

Mwandishi wa wasifu huu ni Ambrosi, karani wa shimo. Siku aliyokufa Yohane nilikuwa juu, hatua tatu kutoka kwenye kengele ya winchi. Nilipoulizwa, nilisema sikuwa nasikiliza. Nilimwogopa Meneja. Miezi kumi na mitano nimempita Mzee na ufagio wake, naye hunisalimia kwanza. Naona aibu.

Mzee Halfani, nenda salama Iringa na Bi Siwema wako. Mungu akupe afya na majirani wema. Asante kwa kila mtu uliyemtoa shimoni akiwa mzima. Wasifu huu utasomwa mbele ya wote, Meneja akiwamo, nami nitausoma mwenyewe: zilikuwa nane. Nilizihesabu.