Weusi Uliobaki

"Mwanangu, kujichubua huku kutakumaliza!" mama mwenye mwavuli alimwambia msusi aliyeketi naye, na behewa zima la treni likasikia.

Msusi akacheka. "Mama, ugonjwa wa mbalanga umeshanigeuza mweupe mwili mzima. Yamebaki mabaka haya meusi usoni, na daktari amenipa dawa ya kuyaondoa."

"Na ukijuta?"

"Hakuna kurudi, nimeambiwa. Weusi wangu nimeulilia nikamaliza. Sasa nataka mteja akikaa mbele ya kioo changu atazame nywele zake, si mimi."

Nikiwa kiti cha nyuma yao, nilitamani kumpigia makofi. Mama akautazama mwavuli wake.

"Na jua je?"

"Hilo ndilo adui yangu."

Treni iliposimama kituo kilichofuata walishuka pamoja, mama bado akibisha, mwavuli wote ukiwa juu ya msusi. Kituo cha mama, kama alivyotutangazia sote tulipopanda, kilikuwa cha mwisho.