Mandari ya Bei Poa

Baridi ilikuwa imekatika wiki ile. Majani yalichipua mpaka kwenye nyufa za sementi, na watu walianza kuvua masweta kwa kusitasita, kama mtu asiyeamini kasamehewa. Nje ya duka la ushonaji, kwenye benchi la mbao linalotosha watu watatu wasiogombana, walikuwa wamekaa wale wale. Katikati fundi mwenyewe, aliyebandikwa jina la Kesho kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kufuata nguo yake akaambiwa neno jingine. Kulia kwake kinyozi wa mlango wa pili, Waziri, bingwa wa kutoa maamuzi makubwa juu ya mambo yasiyo na fungu. Kushoto Macho, mlinzi wa usiku, ambaye mchana hulinda usingizi wake. Ndani cherehani ilikuwa inakimbia. Aliyeiendesha ni mke wa Kesho, na sare za shule alizokuwa akizipinda zilikuwa kazi ya Kesho.

— Jamani, mwenzenu nimepatikana, Kesho akaanza, sauti chini. Nilimuahidi mama watoto kwamba baridi ikiisha nampeleka mandari.

— Na imeisha, akasema Waziri.

— Imeisha! Hata haikuniaga.

— Si mwambie mwakani?

— Hiyo niliitumia mwaka jana. Safari hii kaniambia, "Usiponipeleka, sitakuomba tena."

— Sasa si nafuu hiyo? Umepumzishwa.

Kesho hakuiona nafuu. Mke akigomba, ujue bado ana tamaa na wewe. Huyu hakugomba. Alisema huku anakata uzi kwa meno, kisha akaendelea kushona, na tangu hapo hata chai haimshuki Kesho vizuri.

— Kwani anataka nini hasa? Macho akauliza bila kufungua jicho.

— Nyasi tu, kule bustanini. Akae kwenye nyasi, avue viatu, ale kitu ambacho hakukipika yeye.

— Na mfukoni kwako kuna nini?

— Chaki ya kuchoria vitambaa.

Waziri akakohoa, na kikao kikawa kimefunguliwa.

— Gharama ya kwanza ni nauli. Tunaifuta. Tutakwenda kwa miguu.

— Tutakwenda? Nani kakualika?

— Mandari ya watu wawili ni ghali, ndugu yangu. Twende familia zote tatu, tuchangie. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na haba yako wewe ni ipi?

— Mimi naleta mawazo.

— Bustani yenyewe iko ng'ambo ya mto, Waziri. Watu watafika na njaa.

— Njaa gani? Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Chakula nacho kimefutwa!

Macho akafungua jicho moja, la kushoto, lile la kazi nyepesi.

— Watu wale nyumbani kabla ya kutoka. Mtu kashiba, unambebea chakula cha nini? Utakuwa unakitembeza tu.

— Nimesema anataka kula asichopika!

— Rahisi, akasema Waziri. Wako apike, wangu apike, wa Macho apike. Halafu wabadilishane sahani. Kila mmoja kala asichopika.

Kesho alifungua mdomo kubisha, akajikuta anahesabu sahani. Kilichomtia aibu ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa limeanza kumkolea.

— Na matunda?

— Kule kuna miti, akasema Macho. Aliye juu mngoje chini.

— Huu ni msimu wa maua, bwana! Tunda lenyewe halijazaliwa.

— Ndiyo maana nikasema mngoje.

— Haya, tutakalia nini? Nyasi zina umande.

— Mkeka utachafuka, kuuosha nako ni sabuni, akasema Waziri. Tubebe benchi hili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tuko watatu.

— Mpaka ng'ambo ya mto?

Hapo Macho akafungua jicho la pili, jambo lisilotokea mchana.

— Kwani ng'ambo kuna nini? Nyasi si hizo hapo, mbele ya kwa Waziri?

Wote wakageuka. Kweli, pembeni ya kizingiti cha kinyozi palikuwa na kijishada cha kijani.

— Mnajua kwa nini zimestawi? Waziri akavimba. Nywele! Miaka yote nazifagilia hapo. Hiyo bustani nimeipanda kichwa kwa kichwa.

— Basi tusogeze benchi hatua mbili, tumefika, akasema Kesho.

— Hizo mbili nazo za nini? akauliza Macho. Zinaonekana kutoka hapa hapa. Kutazama hakuna nauli.

Wakazitazama nyasi zao, wameridhika kama watu waliojenga daraja.

— Kwa hiyo, Kesho akasema polepole, mandari ni sisi kukaa hapa.

— Na kahawa ikija, akasema Waziri.

— Kama sasa hivi.

— Kama sasa hivi, ila kwa nia. Penye nia pana njia.

Kesho akacheka mpaka akashika mbavu. Watu wazima, wenye ndevu, wamepanga safari tangu asubuhi wakafika walipokuwa! Lakini chini ya kicheko alijijua: alikuwa amefarijika. Alijiona katimiza ahadi bila kuinua tako.

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akatoka na chupa ya kahawa, nyuzi nyeupe zimemganda begani. Akamimina kikombe cha Waziri, cha Macho, na cha mumewe. Chupa ikakoroma, ikaisha. Siku zote akishamimina hurudi ndani. Leo alisimama.

— Nimeusikia mpango wenu, akasema. Kweli hauna gharama.

— Ni utani tu, mama watoto.

— Sawa. Nauliza kitu kimoja. Mimi nitakaa wapi?

Waziri akakumbuka mteja ambaye hakuwepo, akaondoka na kikombe chake. Macho akafumba yote mawili, lakini safari hii hakukoroma. Kesho akalitazama benchi. Yeye ambaye humpima mtu kwa jicho tu na suruali ikamkaa, alilipima kutoka mwisho hadi mwisho, na hakuna mahali alipokuwa amemwekea mkewe hata shubiri. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu alijua kwamba baada ya swali hilo hataulizwa tena.

Akatafuta neno. Lililomjia mdomoni ni lile analowapa wateja, akalimeza.

Mkewe alikuwa bado amesimama, chupa tupu mkononi, anangoja jibu.